Chip's Challenge: umekufa tena? Tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Wachezaji wa Chip's Challenge huwa na malalamiko yale yale. Mdudu kanigeukia ghafla. Meno ananifuata kila niendako. Nilikuwa na viatu vya maji na bado nimezama. Gemu lina umri wa kutosha: Chuck Sommerville alilitengeneza kwa ajili ya Atari Lynx, mashine ya gemu ya kushika mkononi, likatoka mwaka 1989, kisha 1992 likaingia kwenye Windows ndani ya mkusanyiko wa gemu uitwao Microsoft Entertainment Pack 4 likiwa na levo 149. Chip, mhusika unayemwendesha, anakusanya chipu za kompyuta ili akubaliwe kwenye klabu ya Bit Busters, na njiani kila kitu kinataka kumuua.

Ubao wa levo ni vigae 32 kwa 32, ila kwenye skrini unaona 9 kwa 9 tu. Ndiyo maana kifo kingi huonekana kimetoka hewani. Ukweli ni kwamba katika viumbe tisa wa gemu hili, saba hawabahatishi hata kidogo. Kila mmoja ana sheria yake na haivunji. Anayekufa mara kumi mahali pamoja si mzito wa vidole. Hajaijua sheria ya kiumbe aliye mbele yake. Kwa hiyo dawa ya kwanza kwa karibu kila dalili hapa chini ni kusimama mahali salama na kumtazama kiumbe akimaliza mzunguko mmoja kamili.

Maelezo haya yanafuata toleo la Windows. Pale ambapo Lynx ni tofauti, nimesema.

Kabla ya lolote: soma ujumbe wa kifo

Watu wengi wanabonyeza OK bila kusoma, kisha wanauliza kilichowaua ni nini. Gemu limeshakuambia. Kuna ujumbe wake kwa kuzama, kwa kuungua, kwa bomu, kwa kiumbe, kwa boksi linalotembea na kwa muda kuisha. Ukiambiwa ni boksi wakati wewe ulidhani ni kiumbe, umekuwa ukitafuta chanzo mahali pasipo chanzo.

Jambo la pili: usitembee kwa kipanya. Ukibofya kigae cha mbali, Chip anajiendea mwenyewe kuelekea pale, na hatari iliyopo njiani haimhusu. Tumia mishale ya kibodi, hatua moja, kigae kimoja.

Tena usiogope kufa kwa ajili ya kujifunza. Hakuna idadi ya maisha. Unarudia levo utakavyo. Kinachopungua ni bonasi ya levo, nayo haishuki chini ya alama 500. Mzunguko mmoja wa kutazama tu, ukijua utakufa, ni gharama ndogo kuliko kubahatisha jioni nzima.

Dalili: mdudu alikuwa anazunguka njia moja, ghafla akageuka akanikamata

Hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo yenye maelezo mazuri kuliko zote.

Angalia kwanza ni kiumbe gani. Kuna mdudu, na kuna paramesia mwenye mwili mrefu na vijiguu vingi pembeni. Wote wawili wanatambaa kwa kufuata ukuta, ila mdudu anashika ukuta kwa mkono wa kushoto na paramesia kwa mkono wa kulia. Kila hatua mdudu anajaribu kwanza kwenda kushoto kwake. Pakizibwa anakwenda mbele, pakizibwa anakwenda kulia, na kote kukizibwa anarudi nyuma. Paramesia anaanza na kulia, mbele, kushoto, kisha nyuma. Ukiwachanganya hawa wawili, kila hesabu yako itakuwa kinyume.

Kama umemtambua sawasawa na bado amekugeukia, basi wewe mwenyewe umebadilisha ukuta wake. Sababu ya kawaida ni kwamba umeokota kitu. Chipu kwa kiumbe ni ukuta. Viatu navyo ni ukuta. Ukiviokota umefungua tundu, na kiumbe anayetafuta tundu upande wa kushoto atalitumia mara tu akilifikia.

Tulione kwa karibu. Chukua chumba kikubwa chenye chipu tatu mfululizo katikati, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mdudu anazizunguka. Njia yake ina vigae 12. Yeye anakwenda vigae 5 kwa sekunde, sawa na Chip, kwa hiyo mzunguko unachukua sekunde mbili na nusu hivi. Wewe umesimama kusini, nje ya njia yake, umeelekea chipu ya kati. Mdudu anapita mbele yako akielekea mashariki. Mara tu anapokiacha kigae kilicho mbele yako, unaingia: hatua ya kwanza kwenye njia yake, ya pili kwenye chipu, ya tatu kurudi, ya nne kutoka nje. Wakati huo yeye anazunguka chipu ya mashariki. Anafika upande wa kaskazini akielekea magharibi, anakuta kushoto kwake, pale palipokuwa na chipu ya kati, sasa ni wazi. Anageuka, anapita katikati, anatokea kusini, anageuka tena kushoto. Kuanzia hapo atabaki akiizunguka chipu ya mashariki peke yake, na chipu ya magharibi unaichukua bila haraka yoyote.

Aliyekufa hapo ni yule aliyeokota chipu ya kati akabaki amesimama ndani ya tundu, akiamini kwamba njia ya mdudu ni ile ile ya mwanzo. Na chipu ya mashariki nayo ikishaokotwa, mdudu hana tena ukuta wa kushika: kila hatua kushoto ni wazi, kwa hiyo anajizungusha ndani ya vigae vinne, mbili kwa mbili, mpaka levo iishe. Mdudu anayejizungusha hivyo hana madhara kwa yeyote asiyemkanyaga.

Kama hukuokota kitu, kagua yafuatayo kwa mpangilio huu. Je, umesukuma boksi? Boksi likitoka mahali pake limefungua njia, likiingia mahali papya limeziba. Je, umekanyaga udongo? Viumbe hawaingii kwenye udongo, ila Chip akiupita unageuka sakafu ya kawaida, na nyuma yako umewaachia barabara. Je, kuta za kijani zimebadilika? Hilo la mwisho linasumbua kwa sababu huenda hukubonyeza kitufe cha kijani wewe. Viumbe na maboksi nao wanabonyeza vitufe. Mpira au kiumbe mwingine akipita juu ya kitufe cha kijani, mbali kabisa na unachokiona, kuta zote za kijani za levo zinafunguka na kufunga, na mdudu wako anapata njia mpya bila wewe kugusa chochote.

Acha kupambana na uanze upya kwa Ctrl+R kama mdudu ameshaingia kwenye ujia wa upana wa kigae kimoja ambao ndio njia yako pekee ya kutokea. Huko hamtapishana.

Dalili: Meno ananifuata popote, siwezi kumkwepa

Meno ndiye kiumbe pekee anayekutafuta wewe. Hao wengine wanaenda zao na wewe unakuwa njiani. Lakini mwendo wake ni nusu ya wako, kwa hiyo ukikimbia kwa mstari bila kusita hakupati. Wanaouawa na Meno huwa wamegeuka kurudi walikotoka, wameingia ujia usio na mwisho wazi, au wamesimama kufikiri.

Sheria yake: anapima umbali kati yenu kwa wima na kwa ulalo, kisha anakwenda upande ule wenye umbali mkubwa. Umbali ukiwa sawa, anaanza na wima. Upande huo ukizibwa anajaribu ule mwingine. Pande zote mbili zikizibwa, anasimama. Hajui kuzunguka ukuta, hajui kupanga njia.

Hapo ndipo unapomshinda. Mfano: yuko vigae vitano juu yako, nawe uko vigae viwili kulia kwake, na chini yake kuna ukuta mrefu. Anataka kushuka, hawezi. Anakwenda kulia hatua mbili. Sasa yuko sawa na wewe kwa ulalo, chini kumezibwa, na upande wa pili hauna umbali wowote wa kupunguza. Amekwama. Ukisogea kulia kigae kimoja, naye anasogea kulia kigae kimoja juu ya ukuta. Ukienda juu na chini bila kubadilisha safu, hasogei. Basi kazi zako zote za upande ule zifanye kwenye safu moja, wima, mpaka uzimalize. Hatari inaanza siku unapomvuta mpaka ukuta unapoishia, maana pale chini patakuwa wazi na atashuka. Kama ukuta una kona inayozuia chini na pembeni kwa pamoja, muingize humo na utaweza hata kusogea kidogo kuelekea upande uliozibwa.

Njia ya kummaliza kabisa ni maji au bomu. Meno haoni hatari iliyo mbele yake. Simama ili maji yawe kati yenu kwenye upande wenye umbali mkubwa zaidi, mpe muda, naye ataingia mwenyewe. Kwenye bomu ni vivyo hivyo, na faida ni mbili kwa sababu bomu nalo linaondoka.

Kuna malalamiko yanayofuatana na haya: "nimefanya hatua zile zile, mara ya kwanza nimepita, mara ya pili amenikamata." Hujakosea kuona. Kwa kuwa Meno anasogea kila baada ya zamu moja, tofauti ya nusu hatua mwanzoni mwa levo inabadilisha kila kitu kinachofuata. Ukicheza kwa kutumia Tile World, ambayo ni programu huria inayoendesha gemu hili kwenye kompyuta za sasa, unaweza kuchagua levo ianze kwa hatua shufwa au witiri. Kwenye toleo la kawaida dawa ni kutotegemea mwanya wa kigae kimoja. Jipe viwili.

Dalili: nimejificha nyuma ya maji au moto, na bado nimefikiwa

Sababu ni moja kati ya mbili. Glaida anapita juu ya maji kana kwamba ni sakafu. Tufe la moto linapita ndani ya moto bila kudhurika. Kwa hawa, kizuizi chako ni barabara yao.

Wote wawili wanakwenda mbele moja kwa moja mpaka wazibwe. Tofauti ni wanapogeukia: tufe la moto hugeuka kulia kwanza, glaida hugeuka kushoto kwanza. Chora njia hiyo kwa kidole kwenye skrini kabla ya kuingia chumbani.

Viumbe wengine wakiingia majini wanakufa. Kwa moto kuna jambo la kuzingatia: kwenye toleo la Windows, mdudu na mtembezi (kiumbe tutakayemwona chini) wanaukataa moto kama ukuta, wakati waliobaki wanaingia na kuungua. Kwa hiyo moto unaokulinda dhidi ya mdudu unaweza pia kuwa mtego wa kumchomea Meno.

Ukihitaji kimbilio la kweli, tafuta kokoto. Chip anazipita, boksi linazipita, kiumbe hata mmoja hakanyagi. Wanaobuni levo wanaweka kigae kimoja cha kokoto kando ya njia yenye hatari kwa makusudi, na wachezaji wengi wanakipita wakidhani ni pambo la sakafu. Udongo ambao hujaukanyaga nao unawazuia, ila ukiukanyaga ulinzi umeisha.

Dalili: nina viatu, lakini nimezama au nimeungua

Angalia kisanduku cha vitu vyako pembeni mwa skrini. Mara nyingi viatu havipo tena. Umepita juu ya kigae cha mwizi, naye anachukua viatu vyote kwa mpigo: vya maji, vya moto, vya barafu na vya kunata. Funguo anakuachia. Levo nyingi zinakulazimisha kupita kwa mwizi, kwa hiyo kazi zote za majini na motoni zimalize upande wa huku kabla hujavuka.

Sababu ya pili ni kuvaa visivyohusika, kwa mfano kukimbilia moto na viatu vya maji. Ya tatu ni barafu au sakafu inayosukuma: ulikuwa na viatu vya maji, lakini huna vya barafu, ukateleza mpaka kwenye moto. Chip akiteleza anakwenda kwa kasi maradufu, muda wa kusahihisha haupo. Ya nne, na wanaoanza wanaikuta sana, ni kudhani viatu vya levo iliyopita vinahamia levo hii. Havihami, wala funguo hazihami.

Kuhusu mabomu: hakuna kiatu kinachokinga bomu. Bomu linaondolewa kwa kusukumiwa boksi au kwa kumwingiza kiumbe. Ukiona njia ya kwenda mlangoni imezibwa na mabomu matatu na maboksi umebakiwa nayo mawili, tafuta kiumbe wa kumtoa kafara kabla hujaanza kutumia maboksi.

Dalili: kifaru kilikuwa kimesimama, nimebonyeza kitufe cha bluu kikanigonga

Kifaru kinakwenda mbele mpaka kizibwe, kisha kinasimama. Kitufe cha bluu kinageuza vifaru vyote vya levo nyuma, kwa wakati mmoja, vikiwemo vile usivyoviona. Kabla ya kubonyeza tazama mtutu umeelekea wapi. Baada ya kubonyeza kitaelekea kinyume chake. Kama mgongo wa kifaru unakutazama, kitakujia.

Kama vifaru vinageuka bila wewe kubonyeza, kiumbe mwingine anapita juu ya kitufe cha bluu. Mtafute, uhesabu anapita kila baada ya muda gani.

Dalili: viumbe wanazidi kuongezeka

Kuna mashine ya kunakili viumbe, na kitufe chekundu kinachoiendesha. Kila kinapobonyezwa anatoka kiumbe mpya. Hakikisha kwanza si wewe unayekikanyaga huku na kule. Kwenye chumba chembamba ni rahisi kukipita mara nne bila kugundua. Kama si wewe, kuna mpira unaodunda kati ya kuta mbili na kitufe kiko kwenye njia yake. Mpira hauna akili nyingine: unakwenda mbele, ukizibwa unarudi. Ukiuzibia njia kwa boksi kabla haujafika kwenye kitufe, mashine inanyamaza.

Kama boksi huna, ziba mlango wa mashine. Kigae cha mbele yake kikiwa kimekaliwa, kiumbe mpya hatoki.

Viumbe wakishajaza chumba hakuna ustadi utakaokuokoa. Anza upya, safari hii ukijua kitufe kiko wapi.

Dalili: siwezi kutabiri anakwenda wapi

Hawa ndio wawili niliowatenga mwanzoni. Mtembezi anakwenda mbele moja kwa moja, akizibwa anachagua upande kwa bahati nasibu. Donge la kijani la ute linachagua upande kwa bahati nasibu kila hatua, ingawa nalo linakwenda kwa nusu ya mwendo wako.

Kwa mtembezi, ujia mrefu ni rafiki yako: akiwa katikati ya ujia unajua anakoelekea, kubahatisha kunaanza mwisho wa ujia tu. Kwa donge, kanuni ninayoiamini ni kutosimama kamwe kwenye kigae kinachopakana nalo kwa upande, hata kama linaonekana linaondoka. Pitia pale yalipo machache, hata kama njia ni ndefu zaidi. Levo kama BLOBNET na BLOBDANCE zimejengwa kwa madonge haya, na zinawachosha hata waliomaliza gemu zima. Kule subira ndiyo kazi yenyewe. Vidole vyepesi vinafuata baadaye.

Dalili: kiumbe hasogei kabisa

Usimkaribie kwa kudhani amekufa. Anaweza kuwa ndani ya mtego, unaofunguka kitufe cha kahawia kikikanyagwa na yeyote. Anaweza kuwa ni kiumbe wa ndani ya mashine ya kunakili, ambaye hatoki mwenyewe ila nakala zake. Kama ni kifaru, kimefika ukutani. Kama ni Meno, amekwama kama tulivyoona, na hatua yako moja pembeni inamfungua.

Kwenye levo zilizobuniwa na mashabiki kuna sababu ya ziada: toleo la Windows linasogeza viumbe walioandikwa kwenye orodha maalumu ya levo tu. Asiyeandikwa anabaki amesimama, lakini ukimgusa anakuua kama kawaida.

Wewe mwenyewe ukinaswa mtegoni, subiri uone kama kuna kiumbe anayepita kwenye kitufe cha kahawia. Kama mzunguko mzima wa viumbe unaowaona umepita na hujaachiwa, na hakuna boksi lililo njiani kwenda kwenye kitufe, Ctrl+R.

Dalili: boksi limeniua, au boksi limekwama

Boksi lililosimama haliui. Boksi linaloteleza kwenye barafu au kubebwa na sakafu inayosukuma linaua. Usikae kwenye mstari wake.

Kukwama ni suala jingine. Chip anasukuma, havuti, na hawezi kusukuma mawili yaliyofuatana. Boksi likiingia kona, au likigusa ukuta nawe unahitaji kulitoa hapo, limepotea. Hapa nasisitiza, kwa sababu watu wanapoteza muda mwingi: hesabu maboksi na hesabu vigae vya maji unavyolazimika kuvifukia. Boksi moja linafukia kigae kimoja na kuwa udongo. Kama yaliyobaki hayatoshi, usiendelee hata kwa hatua moja zaidi. Levo hiyo imekwisha hata kama Chip bado yuko hai.

Dalili: mbinu iliyofanya kazi kwa mwenzangu inaniua mimi

Huenda mnacheza kanuni tofauti. Kwenye Windows, Chip na viumbe wanaruka kigae kizima papo hapo. Kwenye Lynx wanateleza taratibu kutoka kigae hadi kigae, na mwanya unaopitika kwenye moja haupitiki kwenye nyingine. Tile World ina kanuni zote mbili. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu au kutazama rekodi ya suluhisho, hakikisha kanuni ni zile zile.

Na ni wakati gani wa kuomba msaada? Toleo la Windows lenyewe, ukishindwa mara nyingi, litakuuliza kama unataka kuruka levo. Hakuna aibu kukubali, utairudia baadaye. Kama umeshaitambua sheria ya kila kiumbe kwenye levo na bado njia huioni, hapo tazama rekodi ya mchezaji mzoefu. Kabla ya hapo rekodi itakuonyesha vidole vya mtu vinavyokimbia, usielewe kwa nini alisubiri pale na kukimbia hapa. Ukitaka pa kujifunzia, seti ya levo iitwayo CCLP1, iliyotolewa na mashabiki mwaka 2014, inapatikana bure na iliandaliwa ikiwafikiria wanaoanza.

Dalili: gemu lenyewe halifunguki

Toleo la 1992 ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo. Kubofya mara mia hakutasaidia, wala si virusi wala si kompyuta mbovu. Tumia Tile World, au pata toleo lililotolewa mwaka 2015 kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni.

Usipakue faili la gemu kutoka tovuti usiyoijua, na usizime kinga ya virusi kwa sababu faili linakutaka uizime. Kama umeshafanya hivyo na kompyuta imeanza kufungua madirisha yenyewe au kuwa nzito, ikate kwenye intaneti, usiingize nenosiri lolote la benki au barua pepe, na umpelekee fundi anayeaminika aikague. Kujaribu kuisafisha mwenyewe kwa programu nyingine ya bure iliyotoka tovuti ile ile kunaongeza tatizo.

Tile World ikifunguka lakini hakuna levo za asili, haijaharibika. Inahitaji faili la CHIPS.DAT kutoka kwenye gemu la Microsoft, ambalo lina haki miliki na haligawiwi pamoja na programu. Kama unalo kutoka kwenye nakala yako ya zamani, liweke kwenye folda ya data, chagua kanuni za MS (yaani za toleo la Windows), na levo ya kwanza itafunguka.